Projekta Ikizimika, Nini Kinabaki?

Umeme ulikatika saa nne na dakika ishirini asubuhi, slaidi ya kumi na saba ikiwa ukutani. Namba ya slaidi naikumbuka kwa sababu jioni ile, nikiwa nyumbani Nyegezi, niliifungua tena kompyuta kutafuta nilipoishia. Ulikuwa mwaka wangu wa pili wa kufundisha katika chuo kimoja cha hapa Mwanza. Darasa lilikuwa na wanafunzi zaidi ya 300, mada ni gharama za uzalishaji. Feni zikasimama, joto likaanza kupanda, nami nikabaki nimesimama mbele yao sina la kusema. Baada ya dakika kama tano nikamwambia CR, yaani mwakilishi wa darasa, maneno ambayo wahadhiri wengi tumewahi kuyatamka: "CR, njoo na flashi uchukue slaidi, mkajisomee." Wakafunga madaftari wakatoka. Hakuna aliyelalamika.

Kutolalamika kwao ndiko kulikonisumbua, na kunanisumbua hadi leo. Hawakuona kama wamepoteza kitu. Slaidi wangezipata, wangezipeleka stesheneri kutoa kopi, na wiki moja kabla ya mtihani wangelikesha nazo kama wanavyokesha na desa lolote, yaani notisi za kukariri. Kama umeme usingekatika, ningeendelea kuzisoma slaidi zilizobaki kwa sauti, wao wakinakili au wakipiga picha kwa simu, na mwisho wa yote wangeishia stesheneri ile ile. Kuwepo kwangu mbele yao hakukuwa kumeongeza kitu kikubwa.

Kwa miaka kadhaa sasa mazungumzo kuhusu teknolojia katika vyuo vyetu yamekuwa mazungumzo ya manunuzi. Kumbi ngapi zina projekta, intaneti ina kasi gani, chuo kina mfumo wa kufundishia mtandaoni au hakina, wahadhiri wangapi wamepewa kompyuta. Haya ni maswali halali, na kwa Mwanza yana uzito wake. Mradi mkubwa wa elimu ya juu wa mkopo wa Benki ya Dunia, ule wa dola milioni 425 unaojulikana kama HEET, ulilenga kwa sehemu kubwa taasisi za umma, wakati vyuo vikuu viwili vyenye makao yake hapa, SAUT ya Malimbe na CUHAS ya Bugando, ni vya Baraza la Maaskofu Katoliki. Kwa hiyo anayesema vifaa ni tatizo hasemi uongo. Ila mimi nilikuwa na kifaa siku ile. Projekta ilikuwepo, kompyuta ilikuwepo, slaidi zilikuwa nzuri tu. Kilichokosekana ni jibu la swali ambalo sikuwahi kujiuliza wakati naziandaa: wanafunzi hawa 300 watakuwa wanafanya nini?

Mwaka 1983 mtafiti wa Marekani, Richard Clark, alipitia tafiti nyingi zilizolinganisha ufundishaji kwa vyombo mbalimbali na ule wa kawaida, akafikia hitimisho lililowaudhi wengi. Alisema chombo chenyewe hakimfanyi mwanafunzi ajifunze zaidi, kama vile lori linaloleta chakula dukani lisivyobadilisha lishe ya wanaokila. Mtu aliyewahi kusimama Kirumba Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza, hahitaji kuelezwa sana hapo. Dagaa wa Ukerewe wakifika kwa boti la injini au kwa mtumbwi wa makasia ni wale wale. Walioanikwa juu ya chanja ni wasafi, walioanikwa chini watabaki na mchanga, na hakuna boti linaloondoa mchanga.

Mwenzake Robert Kozma alimpinga, na hoja yake nayo nadhani ina ukweli. Alisema vyombo havilingani kwa uwezo, na kuna mambo ambayo chombo fulani kinayawezesha na kingine hakiwezi. Nikibaki pale pale Mwaloni: boti lisilo na barafu halikuletei sangara akiwa anafaa kiwandani, hata mvuvi awe hodari namna gani. Barafu inaleta tofauti kwa sababu inafanya kazi ambayo bila hiyo isingefanyika. Huo ndio mzani ninaoutumia sasa kila ninapoambiwa kuna programu mpya ya kufundishia. Inafanya kazi gani ambayo nisingeweza kuifanya bila hiyo? Slaidi zangu hazikuwa barafu. Zilikuwa maandishi ya ubaoni yaliyohamia ukutani.

Tuliwahi kulijua jambo hili vizuri sana nchini mwetu, tena kwa kifaa duni kuliko simu iliyo mfukoni mwa mwanafunzi wa leo. Mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya afya iliyoitwa Mtu ni Afya, ikiratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Chombo kilikuwa redio, na watu wapatao milioni 2 walishiriki. Wanaoisimulia huishia kwenye redio, lakini redio ilikuwa robo tu ya kazi. Kijijini kulikuwa na kikundi kilichokutana kila wiki. Kulikuwa na kiongozi wa kikundi aliyepewa mafunzo kabla, na kitabu kilichoandikwa kwa lugha ambayo mtu aliyejifunza kusoma juzi angeweza kuifuata. Watu walisikiliza kipindi, wakasoma, wakajadili kijijini kwao pana ugonjwa gani na unatoka wapi, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufyeka majani karibu na nyumba, kufukia madimbwi ya mbu. Sauti ya redio iliwapa mahali pa kuanzia, na kazi ilibaki yao.

Ukiitazama kampeni ile kwa jicho la mwalimu, unaona kila kitu ambacho mihadhara yetu imekiacha. Sisi tumebaki na redio peke yake. Mhadhiri anazungumza saa mbili, na kikundi, kiongozi wake, mjadala na koleo la kuchimbia havipo. Tunaongeza projekta, halafu mfumo wa mtandaoni, halafu video, na kila nyongeza inakuwa redio nyingine juu ya redio.

Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kuna mwalimu wa fizikia anaitwa Eric Mazur, ambaye aligundua kwamba wanafunzi wake walikuwa wanakokotoa maswali magumu na kupata, lakini ukiwauliza swali jepesi la kuelewa tu, bila hesabu, wanakosea. Kuanzia 1991 akabadilisha kipindi chake. Anafundisha kidogo, anauliza swali moja lenye majibu kadhaa, kila mwanafunzi anachagua jibu lake peke yake, kisha anageukia jirani yake na kujaribu kumshawishi, kisha wote wanachagua tena. Baadaye vikaja vifaa vya kielektroniki vya kubonyeza jibu, na vyuo vya nchi tajiri vikavinunua kwa wingi. Mwaka 2008 mtafiti wa Canada, Nathaniel Lasry, akalinganisha darasa lililotumia vifaa hivyo na darasa lililoinua kadi za karatasi. Kwa upande wa kujifunza hakuona tofauti. Faida ya kifaa ilikuwa kwa mwalimu: majibu yanajihesabu na kujihifadhi.

Niliposoma hayo nilikwenda mjini kununua karatasi ngumu za manila za rangi nne. Mimi na viongozi wa darasa tukakata kadi kwa mkasi jioni nzima. Kisha nikakaa kuandaa swali la mada ile ile ya gharama, na swali lenyewe ndilo lililonitoa jasho kuliko kadi. Niliandika mara nyingi na kufuta. Mwisho likawa hivi: mama mkaanga samaki wa Mwaloni ameshalipa kodi ya banda ya mwezi mzima, shilingi 150,000, na hadaiwi tena. Leo wateja ni wachache. Akifungua, atauza kwa shilingi 25,000, na samaki, mafuta na mkaa vitamgharimu 22,000. Kodi ukiigawanya kwa siku ni 5,000. Afungue au afunge?

Kadi nyingi ziliinuka za rangi moja: afunge. Hesabu yao ilikuwa rahisi, 22,000 na 5,000 ni 27,000, atapata hasara ya 2,000. Sikuwaambia kitu. Nikawaambia kila mmoja amgeukie jirani mwenye kadi ya rangi tofauti. Ukumbi ule ambao kwa kawaida hukaa kimya kama kanisani ukalipuka. Niliwasikia wakibishana kwa Kiswahili, wengine nyuma kabisa kwa Kisukuma, na hapa na pale neno la Kiingereza la kwenye kitabu. Binti mmoja alimwambia mwenzake, "Lakini akifunga hiyo elfu tano anarudishiwa na nani?" Walipoinua tena, rangi ya "afungue" ilikuwa imetawala. Akifunga anapoteza 5,000 nzima, akifungua anaokoa 3,000.

Nilidhani somo limeisha. Kijana mmoja wa safu ya kati akanyoosha mkono: "Mwalimu, na jasho lake je? Kasimama kwenye moshi siku nzima kwa ajili ya elfu tatu. Mbona hatujalihesabu?" Tulitumia nusu saa iliyobaki kwenye swali hilo, na sikujuta. Hakuna slaidi yangu iliyokuwa na jambo hilo, ingawa vitabu vya uchumi vinalo na vinaliita gharama ya fursa. Yeye alilifikia mwenyewe, kwa sababu mama yule alikuwa mtu anayemfahamu.

Nisieleweke kuwa napigia debe manila dhidi ya kompyuta. Kuna mambo ambayo teknolojia ni barafu kweli. Nitaanza na WhatsApp, kwa sababu ndilo darasa halisi la vyuo vyetu hata kama hakuna waraka unaolitambua. Kila darasa lina grupu lake, na CR ndiye msimamizi. Ukilifungua utakuta matangazo: kipindi cha leo hakuna, ukumbi umebadilika, kazi iwasilishwe Ijumaa, na PDF zisizo na maelezo. Ni ubao wa matangazo tu. Lakini ujumbe wa sauti wa dakika tatu haufiki MB 1, wakati video ya saa nzima inaweza kumeza mamia ya MB. Kwa mwanafunzi ambaye bumu, fedha yake ya mkopo ya kujikimu, halijatoka na bando lake ni la kupimia, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama atasikiliza au hatasikiliza.

Kwenye ujumbe huo wa sauti mhadhiri anaweza kufanya jambo ambalo ukumbini wengi tunaliogopa, nalo ni kueleza dhana ngumu kwa Kiswahili. Kitabu ni cha Kiingereza, mtihani ni wa Kiingereza, na sitaki kudanganya kwamba hilo litabadilika kesho. Hata hivyo nimeona mwanafunzi aliyekwama wiki mbili kwenye dhana moja akafunguka kwa maelezo ya dakika tatu ya Kiswahili, kisha akarudi kwenye kitabu cha Kiingereza na kukisoma kama kitabu kipya. Anaweza kurudia kusikiliza mara tano kwenye daladala la kwenda Buzuruga bila kumwonea mtu aibu. Mhadhara wa ukumbini haurudiwi.

Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni, nao unaonewa. Uliasisiwa na Mwaustralia Martin Dougiamas, toleo la kwanza likatoka 2002, na programu yenyewe ni ya bure, ndiyo maana umeenea katika vyuo vingi. Ndani yake kuna majaribio mafupi yanayojisahihisha, majukwaa ya mijadala, kazi za vikundi. Wengi wetu tumeugeuza stoo ya PDF. Inasikitisha, kwa sababu majaribio yale mafupi ndiyo yenye faida kubwa kuliko vyote. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi ya kusoma. Kundi moja likayasoma tena, kundi jingine likaambiwa liandike lote linalokumbuka bila kutazama. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki, waliojilazimisha kukumbuka walikuwa wamewaacha mbali. Mwanafunzi anayekesha na desa anarudia kusoma, na wiki moja baada ya mtihani hana kitu kichwani. Kumsahihishia kila mmoja jaribio la maswali matano kila wiki kwa mkono, darasa la 300, hakuna mhadhiri anayeweza. Moodle inaweza. Hapo mashine imefanya kazi ambayo bila yenyewe isingefanyika.

Tatizo la intaneti halina budi kupangiwa mapema badala ya kulalamikiwa baadaye. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Waliokuwa wameweka kila kitu mtandaoni walisimama. Programu ya simu ya Moodle inaruhusu mwanafunzi kupakua masomo akiwa kwenye mtandao wa chuo na kuyasoma baadaye bila intaneti, na hata jaribio anaweza kulifanya hivyo kama mwalimu ameruhusu kwenye mipangilio. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu Huria anayeishi Ukara na kuja kituo cha Mwanza kwa nadra, mpangilio huo mdogo una thamani kuliko ubao wa kielektroniki wa mamilioni.

Kuhusu mwaka 2020 sina mengi. Vyuo vilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, vikafunguliwa Juni 1. Kwa wiki kumi hivi tulipata nafasi ya kujua nani ameandaa nini, na sehemu nyingi jibu lilikuwa kwamba tulisubiri milango ifunguliwe.

Akili bandia inahitaji maneno zaidi kidogo. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, kazi ya nyumbani ya kawaida, ile ya "jadili umuhimu wa", imekufa. Nasahihisha kurasa zenye Kiingereza safi na mwandishi hawezi kunieleza aya yake ya pili. Wapo wanaotaka programu za kuwanasa. Siziamini, na mwanafunzi mmoja asiye na hatia akiadhibiwa kwa kubahatisha kwa mashine ni wengi mno. Nimeona afadhali kubadilisha kazi yenyewe. Nendeni Mwaloni kwa makundi ya watu watano, zungumzeni na wauza dagaa watatu, muwaombe ruhusa ya kurekodi, mjue msimu wa mvua wanapoteza kiasi gani dagaa wasipokauka, mrudi na sauti, picha na hesabu, kisha kila mmoja ajibu maswali yangu kwa mdomo dakika nne. Akili bandia wakitaka kuitumia kupanga jedwali au kunyoosha Kiingereza, waitumie na waseme. Mama wa Mwaloni hajawahi kuandikwa mahali mashine inaposoma, kwa hiyo lazima waende wakamsikilize.

Sasa nirudi kwa yule kijana na swali lake la jasho, maana nimelibeba muda mrefu. Kila ninachokisifu hapa kinatumia saa za mhadhiri. Swali moja zuri la kadi ni jioni mbili. Benki ya maswali ya Moodle kwa kozi moja ni likizo nzima. Ujumbe wa sauti ni dakika tatu, lakini ukiutuma unaulizwa maswali hadi saa tano usiku. Wahadhiri wengi wa hapa wanafundisha pia vyuo vingine kwa muda, asubuhi Malimbe, mchana upande wa pili wa jiji, kwa sababu mshahara mmoja hautoshi. Na kupanda daraja kunategemea zaidi machapisho: makala ngapi, majarida gani. Mhadhiri aliyeandaa maswali 200 yanayowafikirisha wanafunzi na mwenzake anayesoma slaidi za 2015 bila kubadilisha tarehe wanatazamwa sawa siku ya kupandishwa, na huyo wa pili akiwa na makala moja zaidi yuko mbele. Halafu tunaandaa semina ya siku mbili, yenye chai na vyeti, kuwafundisha wahadhiri kubonyeza vitufe vya mfumo, na tunashangaa mwezi unaofuata mfumo umerudi kuwa stoo.

Semina zenyewe zingefaa zaidi kama kila mhadhiri angekuja na mada moja inayowashinda wanafunzi wake kila mwaka, akaondoka na swali, jaribio au kazi ya nje aliyoiandaa pale pale na wenzake wakaikosoa. Saa zile zikahesabiwa kama saa za kufundisha. Kazi ikakaguliwa na mwenzake wa fani, kama makala inavyokaguliwa, na ikaingia kwenye jalada lake la kupandishwa daraja. Hayo hayahitaji mkopo wa benki yoyote. Yanahitaji kikao cha seneti ya chuo na watu walio tayari kuyasema humo.

Mwanzoni mwa kila muhula najaza fomu ya mzigo wa kazi. Ina mstari wa saa za mihadhara, wa semina za wanafunzi, wa kusimamia tafiti na wa kusahihisha mitihani. Swali la mama mkaanga samaki, pamoja na jioni zake mbili na manila zake, mpaka leo sijapata mstari wa kulijazia.